Wembe wa Jumamosi

Enyi vijana wa kliniki ya ngozi, mmenisumbua kwa simu tangu nilipostaafu, mkiniomba niwaandikie mambo ya kazi. "Mama, andika tu chochote." Chochote! Ndiyo shida yenu hiyohiyo, hata mgonjwa mnamwandikia chochote. Haya, nimeketi barazani kwangu hapa Igogo, chai ipo, jirani amefungulia redio kwa faida ya mtaa mzima, na ninaandika. Habari za vyeo na semina nitaziruka. Waliovitaka vyeo walivipata, na sijaona upele hata mmoja uliopona kwa sababu yao.

Nilifika kazini nimetoka kwenye kozi ya ngozi, cheti kwenye bahasha, koti jeupe limepigwa pasi mpaka linakaribia kusimama lenyewe. Aliyenipokea ni Dokta Kamugisha, Mhaya mrefu, mkali, mwenye maringo ambayo hata Wahaya wenzake waliyalalamikia. Cheti hakukigusa. Alinipa lenzi ya mkononi yenye mpini mweusi, akaniambia nikae dirishani niutazame mkono wangu mwenyewe mpaka atakaponiita. Aliniita mchana.

"Umeona nini?"

"Ngozi, daktari."

"Rudi."

Nikarudi, nimenuna. Hadi jioni nilikuwa nimeona makovu ya tetekuwanga, mahali mbu alipouma, vinyweleo vinavyolala upande mmoja, na alama ya mafuta ya moto iliyonirukia nikiwa msichana, nikikaanga samaki na mama yangu, ambayo nilikuwa nimeisahau kabisa. Nilimtajia yote. "Sasa unaweza kushika mkono wa mtu mwingine," akasema, akachukua mwavuli wake akaenda nyumbani. Leo mnafundishwa kwa picha za ukutani, na mgonjwa akiingia mnatafuta anafanana na picha gani. Haya bwana.

Chumba chetu mnakijua. Hadubini ile nzee iliyofungwa plasta kwenye shingo ilikuwa nzee hata siku hizo. Dokta Kamugisha alikuwa na sheria moja iliyotuletea ugomvi kila wiki: hakuna mtu anayekaa katika chumba kile kichwa kikiwa kimefunikwa. Mgonjwa, mama yake, mjomba aliyesindikiza, wote. Kofia chini, kilemba chini, wigi chini. "Ngozi haiji hospitali peke yake," alisema, "inakuja na ukoo wake." Mtu akikasirika, "Mimi nimesindikiza tu," yeye anamjibu, "Na kichwa chako je, kimebaki nyumbani?" Kisha anamgeuza na kumtazama kisogo. Visogo alivipenda mno mzee yule. Alisema uso unadanganya kwa sababu mwenyewe huuona kwenye kioo kila siku na kuutengeneza, lakini kisogo hakuna anayekitengeneza.

Nimetazama visogo vya watu wa ziwa hili mpaka nikachoka. Nimeona kina mama wa mkorogo waliojichubua mpaka ngozi ikawa ya rangi tatu, halafu wanakuapia kwamba ni jua. Nimeona wavuvi wanaojikuna kwa maji ya ziwa na kusema wamerogwa na mwenye mtumbwi wa pili. Nimeona watoto wenye mapunye waliopakwa oili chafu ya gari na baba zao, mafundi gereji, kwa hoja kwamba kama inalinda chuma itashindwaje kichwa. Ujinga hauniudhi sana, jamani. Kinachoniudhi ni ujuaji. Mjinga ukimweleza anakusikiliza. Mjuaji anakungoja umalize ili akueleze yeye.

Sasa niwape kisa kimoja tu, kwa sababu kisa kimoja kilichotazamwa vizuri kinawatosha. Dokta Kamugisha alikuwa ameshafariki, na mimi ndiye niliyekuwa na lenzi yake.

Aliingia mama kijana kutoka Kisesa, jina lake Minza, na binti yake Pendo, anayeanza darasa la kwanza. Kwenye karatasi ya rufaa waliandika "mapunye sugu." Mwalimu mkuu alikuwa amemrudisha mtoto nyumbani asiwaambukize wenzake. Pendo alikuwa amemeza vidonge vya mapunye mpaka anavijua kwa rangi. Alikuwa amepakwa kitunguu saumu, mafuta ya nyonyo, na dawa ya mganga mmoja wa huko njia ya Misungwi ambaye, Minza aliniambia, hupokea picha ya kichwa kwa simu na kupiga ramli hukohuko aliko. Maendeleo hayo.

Nikamvua mtoto kofia. Nywele fupi fupi, zimesimama ovyo, kama majani yaliyopitiwa na mbuzi. Lakini ngozi safi. Hakuna magamba, hakuna usaha, hajikuni. Nikamgeuza. Kisogoni kulikuwa na vipele vidogo vikavu, kila kimoja kimekaa kwenye shina la unywele. Nikang'oa nywele kadhaa kwa kibano, nikaziweka juu ya kioo na tone la mafuta, nikaenda kwenye hadubini.

Nilizitazama kwa muda. Unywele wa mtu wa kawaida ni mnyoofu kama uzi wa nailoni. Unywele wa Pendo ulikuwa unanenepa, unakonda, unanenepa, unakonda, kama shanga zilizotungwa, na kila ulipokonda ndipo ulipokuwa umekatika. Dokta Kamugisha aliniambia aliuona mara moja tu maishani, akanichorea kwa chaki ubaoni: mstari wenye mafundo. Ugonjwa huo kitabuni unaitwa monilethriksi. Si fangasi, hauambukizi, hauletwi na uchafu, hauletwi na mtu aliyepita njia panda. Mtoto anazaliwa na nywele nzuri tu, zile za kwanza zinapotoka zinaota hizi. Ni wa kurithi, na mzazi mmoja mwenye nao anatosha kumpa mtoto.

Mmoja wenu, simtaji, naye anajijua, akatoa simu yake, akasoma, akaniambia, "Mama, hapa naona ni ugonjwa wa Wazungu." Nikamwambia simu yake imewahi kutembelewa na vichwa vingapi vya Kisesa? Akairudisha mfukoni.

Nikamwangalia Minza. Nywele zake zilikuwa nzito, amesuka mistari, kisogo laini. "Kwenu kuna mtu mwenye nywele kama hizi?"

Machozi yakamtoka palepale. "Hata wewe daktari unasema ni kwetu!"

Hapo ndipo nilipopata habari yenyewe. Ukoo wa mumewe, Masanja, una mila yake. Kila Jumamosi jioni mama mkwe anaweka maji, sabuni na wembe, na watu wote wa mji ule, yaani kaya yao, wakubwa kwa wadogo, wake kwa waume, wananyolewa kichwa kavu, ili Jumapili waende kanisani waking'aa. Wanajulikana kwa vichwa hivyo. Baba mkwe, Mzee Ng'wandu, anasema ni heshima ya nyumba yake, na juu ya kipara chake halitoki pama, ile kofia pana, hata akiwa anakula. Minza alipoolewa alikubali kila kitu isipokuwa wembe. Alipomzaa Pendo akasema, binti yangu nitamsuka. Akamwacha, akangoja nywele ziote. Hazikuota. Zilichungulia tu na kukatika.

Basi ukoo mzima ukajua sababu. Wajuaji! Minza ameleta mkosi kutoka kwao Misungwi, na kwa kukataa wembe ameuamsha. Jumapili inayokuja wangekaa kikao. Minza angerudishwa kwao, na Pendo angebaki kwa bibi yake anyolewe, mila ichukue mkondo wake.

"Wanamchukua mwanangu, daktari," alisema. "Mimi niende, lakini mtoto?"

Mimi si mtu wa kukaa vikao vya koo. Lakini nilikasirika, na hasira yangu mnaijua. Niliwaita wote waje kliniki kabla ya Jumapili hiyo. Nilimwambia Minza awaeleze kwamba daktari anataka kuhakikisha ugonjwa umetoka wapi, na kwamba ukoo wa Misungwi umeshaangaliwa, maana yeye ndiye ukoo wa Misungwi na nilikuwa nimeshamwangalia. Nilijua watakuja. Mtu anayetaka kuhakikishiwa kwamba kosa ni la mwenzake, hata mvua haimzuii.

Walikuja asubuhi, wamevaa vizuri kama wanakwenda kwenye mahari. Masanja, kijana mpole asiyekuwa na neno lake mwenyewe. Mzee Ng'wandu na pama lake. Mama Masanja, mwembamba, kilemba cha kitenge kimefungwa kwa nguvu, na mdomo umefungwa zaidi ya kilemba.

"Mwangaluka," nikawasalimu kwa Kisukuma, kisha nikatoa shikamoo kwa wazee.

"Marahaba," akajibu Mama Masanja. "Daktari, tusipotezeane muda. Mimi niliambiwa ninyoe, nikanyoa. Huyu nani hata akatae? Sasa tazama mtoto."

"Nimemtazama, mama. Sasa nawatazama ninyi. Kofia chini."

Masanja alivua yake. Kichwa kinang'aa, lakini kisogoni, palepale, vipele vilevile. Na nyuma ya sikio, pale ambapo wembe wa nyumbani hukosea siku zote, kulikuwa na kijishungi kilichosahauliwa. Nikachukua nywele mbili. Shanga. Nikamwita Minza aangalie kwenye hadubini, kisha Masanja mwenyewe.

"Huu ni wako," nikamwambia. "Pendo ameupata kwako. Mkeo hahusiki."

Masanja akainua uso, akamtazama mkewe, akatazama chini. Ningependa kuwaambia alisema neno la kiume pale. Alijikuna nyuma ya sikio. Huyo ndiye Masanja.

"Na wewe uliupata kwa mmoja wa hawa wawili," nikaendelea.

Basi hapo chumba kikageuka. Mzee Ng'wandu aligeuza pama lake pole pole kuelekea kwa mkewe. Na Masanja naye akageuka. Na yule mama, aliyeingia na mdomo kama kisu, nikamwona anapungua kwenye kiti.

"Ni mimi," akasema.

"Nani kakwambia?"

"Niliambiwa. Masanja alipokuwa mchanga nywele zake zilikatika hivyohivyo. Mama mkwe wangu, Mungu amrehemu, akasema nimekuja na kichwa kibaya. Akanipa wembe. Akasema nimnyoe mtoto na nijinyoe mwenyewe, na yeyote atakayezaliwa, isionekane. Sijawahi kuacha. Nilimtaka huyu anyoe ili wasimwambie kama walivyoniambia mimi."

Minza alikuwa amesimama kando ya hadubini na mkono mdomoni. Hakuna aliyekuwa anajua hayo mle ndani, isipokuwa labda mmoja.

Nikamwomba Mama Masanja afungue kilemba. Alifungua kwa taabu. Jumamosi iliyopita alipomaliza kuwanyoa wengine alishikwa na homa, kwake wembe haukupita, kwa hiyo kichwa kizima kilikuwa na nywele fupi nyeupe, zimejaa sawasawa kama mchele kwenye sinia. Kisogo laini. Nilipitisha kidole mara mbili, maana sikutaka kukosea kwa huyu. Nikazitazama kwenye hadubini. Nyoofu. Nzima. Nene kuliko za kwangu.

"Mama, njoo uangalie mwenyewe."

Alikataa kwanza. Kisha akainama. Nikamwonyesha kwanza unywele wa mwanawe, halafu wa kwake. Alikaa juu ya hadubini ile muda mrefu kuliko mwanafunzi wangu yeyote kati yenu.

"Huu ni wangu?"

"Wako."

"Hauna kitu?"

"Hauna kitu, mama. Haujawahi kuwa na kitu."

Alisimama wima. Hakulia, kama mnangoja kusikia alilia. Alimwendea mumewe, na kwa mkono wake mwenyewe akalivua lile pama akaliweka mezani kwangu, juu ya karatasi za rufaa. Mzee Ng'wandu alishtuka kama amevuliwa suruali. Nikazunguka nyuma yake. Sikuhitaji lenzi. Kisogo kizima, kutoka sikio hadi sikio.

"Hivi ni vya wembe," mzee akasema haraka. "Wembe unaleta vipele, kila mtu anajua."

"Wembe upi?" akauliza mkewe. Sauti yake ilikuwa ya chini kabisa. "Si mimi ninayekunyoa? Si wembe huohuo najinyolea mimi, maji hayohayo, sabuni hiyohiyo, miaka yote hii? Mbona mimi kisogo changu kitupu?"

Hapa niweke pembeni kidogo: wembe mmoja kwa nyumba nzima! Niliwagombeza baadaye, wote, na ninyi mkikutana na nyumba ya namna hiyo wagombezeni bila huruma, maana hapo kuna magonjwa ya kweli. Lakini wakati ule nilinyamaza. Katika kazi yangu yote sijasikia hoja ya kitabibu iliyonyooka kama ile.

Mzee akatafuta pa kushika. Na mjuaji akikosa pa kushika husema ukweli bila kukusudia. "Ah, sasa hilo nalo ni ugonjwa? Hata marehemu baba alikuwa navyo. Na baba mdogo. Vipele tu."

Nje pale mtu alikuwa anaitwa namba yake.

"Ulikuwa unajua," akasema Mama Masanja.

"Nilijua nini? Mimi ni daktari?"

"Mama yako alinipa wembe wewe umekaa palepale unakunywa uji. Ukanyamaza."

Mzee Ng'wandu akanyoosha mkono, akachukua pama lake mezani, akalivaa, akasema hewa ya humu ndani ni nzito, akatoka. Huo ndio ukawa mchango wake kwa tiba ya ngozi.

Kikao cha Jumapili hakikukaliwa. Minza aliniambia baadaye kwamba jioni ya Jumamosi ile watu wa mji ule walikuja kukaa kwenye viti vyao wakingoja maji na wembe, kama kawaida, na Mama Masanja akawapita na ndoo yake akaenda kumwagilia mchicha. Hakuna aliyethubutu kuuliza. Sasa Mzee Ng'wandu ananyolewa saluni ya kijiweni, kwa mashine, na huko, nimesikia, anawaeleza watu kwamba yeye ndiye aliyegundua ugonjwa wa ukoo wao na kuwapeleka wote hospitali. Mwacheni. Mtu wa namna hiyo ukimnyima uongo atakufa kwa baridi.

Nilimwandikia mwalimu mkuu wa Pendo barua fupi, kavu, ya lugha ambayo hata mwalimu mkuu angeielewa. Mtoto akarudi shule. Dawa hakuna, msije mkamdanganya mtu. Nywele zake zinaweza kupata nafuu akipevuka, zinaweza zisipate. Nilimwambia Minza asizikaze kwa kusuka, asizipake dawa za kulainisha, asizichane kwa hasira, na akizaa tena ajue kwamba kila mtoto ana bahati nusu kwa nusu. Alinisikiliza neno kwa neno. Alikuwa mjinga wa jambo lile, si mjuaji, na ndiyo maana ilikuwa raha kumfundisha.

Mimi nikaagwa, nikapewa kanga na saa ya ukutani isiyotembea, nikaja nyumbani. Juzi juzi nilikwenda Kisesa kwenye harusi ya mtoto wa dada yangu, nikapita kuwasalimia. Pendo alikuwa uani anaruka kamba, kichwa wazi, nywele zake zilezile za kuvunjikavunjika, wala hana habari. Minza alikuwa ameketi kwenye kiti, na kwenye mkeka mbele yake, katikati ya magoti yake, ameketi Mama Masanja, anasukwa. Nywele nyeupe, nyingi, mistari minane imeshakwisha na bado upande mzima.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, ng'wanawane, mwanangu. Nisamehe siwezi kuinuka, huyu akishika kichwa cha mtu haachii."

"Tulia, mama, nitakosea," akasema Minza.

Nikamwambia zimependeza. Akacheka, akaona aibu kidogo kama bi harusi. Kisha akanyoosha mkono, akanishika kiganja changu, akakiweka juu ya ule upande ambao haujasukwa.

"Shika," akasema. "Shika vizuri, wewe ni daktari. Ni nzuri kweli au mnanifariji tu?"

Mama mtu mzima yule, mwenye wajukuu, bado anauliza. Nilishika. Lenzi sikuwa nayo, nimewaachia ninyi kwenye droo ya kushoto, na kama mmeipoteza nisije nikajua. Nilitazama kwa vidole, polepole, kuanzia utosini mpaka kisogoni, kama nilivyofundishwa.

"Ni nywele tu, mama," nikamwambia. "Nywele za kawaida kabisa, kama za mtu yeyote."

Akafumba macho, akamrudishia Minza kichwa.